Kishikwambi Nyumbani: Nani Mwingine Anakishika?

Somo kwa kamati za sharika, vikundi vya kuweka na kukopa, na rafiki wa miradi yetu

Masomo ya kusoma kabla ya kikao: Luka 14:28–30, Luka 16:10, Mithali 11:13



Katika jarida hili tumezoea kujifunza habari za visima, mbuzi wa maziwa, upandaji miti na vikundi vya akina mama. Safari hii tunajifunza habari za kifaa kidogo kinachoingia katika nyumba zetu bila kuitishiwa kikao, nacho ni kishikwambi, ambacho wengine hukiita tableti. Tumeona ni vema kukiandikia somo kwa sababu ofisi yetu ya miradi imefanya kosa kuhusu kifaa hiki hapa Ilembo, na kosa hilo lilimgharimu mtu asiyehusika.

Baada ya somo hili tunatarajia kila kamati iweze:

(a) kueleza tofauti ya simu ya mtu na kishikwambi cha nyumba;
(b) kupanga matumizi ya kishikwambi pamoja na gharama zake za umeme na bando;
(c) kulinda siri za washarika zinazopita katika vifaa hivyo.

KILIVYOFIKA KWETU

Wengi wetu katika Manispaa ya Mpanda tulikiona kishikwambi kwa karibu wakati wa Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022. Makarani walikuja nyumba hadi nyumba, wakauliza maswali na kubonyeza majibu kwenye kioo. Ndiyo sensa iliyoonyesha kwamba mkoa wetu wa Katavi una watu zaidi ya milioni 1.1, wakati sensa ya mwaka 2012 ilitukuta 564,604. Baada ya kazi hiyo serikali iliamua vifaa vile vigawiwe kwa walimu, na ugawaji ulizinduliwa mwezi Novemba mwaka huo huo. Kwa njia hiyo kishikwambi kikaingia katika nyumba za walimu, na walimu ni washarika wetu, wanakwaya wetu na wazee wetu wa kanisa.

Vingine vimeingia kwa milango mingine. Kuna mzazi aliyeletewa na mtoto wake aliyeko Dar es Salaam. Kuna mkulima aliyenunua baada ya kuuza mpunga. Na kuna vile vinavyoletwa na miradi, ikiwemo yetu, kwa ajili ya kutunza kumbukumbu za vikundi.

KIFAA CHA PILI

Karibu kila nyumba inayopata kishikwambi tayari ina simu, iwe simu janja au kitochi. Simu ndiyo kifaa cha kwanza. Ndiyo yenye laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole. Ndiyo yenye pesa, tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza kuenea nchini mwaka 2008. Simu hukaa mfukoni au kwenye pindo la khanga, na usiku hulala karibu na mwenyewe.

Kishikwambi hakikai mfukoni. Hukaa mezani sebuleni, juu ya kabati au kitandani kwa watoto. Mama hukitumia kusikiliza mahubiri anapochambua mchele. Mtoto wa darasa la sita hukitumia kusoma. Mjomba akija kutoka Inyonga hukiomba aangalie mpira. Jirani huomba apige picha. Hakuna anayeona vibaya, kwa kuwa ni kifaa cha nyumba, kama redio ilivyokuwa zamani.

Hata hivyo, redio haikuwa na kumbukumbu. Aliyeiwasha alisikia kilichotangazwa saa ile, basi. Kishikwambi hutunza picha, jumbe, majina, namba za simu na madaftari yote yaliyowekwa humo, na humfungulia yeyote mwenye kidole. Hapo ndipo sisi tulipokosea.

YALIYOTOKEA

Tulikabidhi vishikwambi kwa makatibu wa vikundi vyetu kadhaa vya kuweka na kukopa ili waingize humo hisa, mikopo na marejesho. Nia ilikuwa njema. Daftari za karatasi zilikuwa zinaloana wakati wa masika, nyingine zililiwa na mchwa, na kila mwisho wa mzunguko palikuwa na ubishi wa hesabu. Tulitoa mafunzo ya siku moja. Tulifundisha kuwasha, kuzima, kuingiza namba na kutuma taarifa ofisini. Makatibu walikwenda nacho nyumbani, nasi tukaandika katika taarifa yetu kwamba vifaa vimekabidhiwa na mafunzo yamefanyika.

Katibu mmoja, mtu mwaminifu na wa umri mkubwa kidogo, alikuwa anapata shida kusoma maandishi madogo ya simu yake. Kijana wake akamsaidia kuunganisha akaunti ya WhatsApp ya simu na kile kishikwambi ili asome kwa herufi kubwa. Jambo hilo linawezekana kabisa, kwani akaunti moja huweza kufunguliwa katika vifaa vingine hadi vinne pamoja na simu. Katibu alifurahi. Hakufahamu kwamba tangu siku ile kila ujumbe ulioingia kwenye simu yake uliingia pia kwenye kifaa kilichokuwa sebuleni.

Mwanachama mmoja wa kikundi, mama, alimwandikia katibu jioni moja kuomba asitozwe faini ya kuchelewesha rejesho. Akaeleza sababu, kwamba mume wake amepimwa na kuanza dawa, na fedha imekwenda katika safari za hospitali. Alimwandikia katibu peke yake kwa kuwa alimwamini. Saa ile katibu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Kishikwambi kilikuwa nyumbani, watoto wanne wamekizunguka, wawili wao wa jirani. Ujumbe ukashuka juu ya kioo. Mmoja akausoma kwa sauti, kama watoto wanavyosoma chochote wanachokiona.

Kabla ya Jumapili habari ilikuwa imemfikia yule mama kwa njia ya sokoni. Hakugombana na mtu. Alimaliza deni lake lote, akachukua hisa zake na kuacha kikundi. Ibada akaenda kusali mtaa mwingine.

Tulipokwenda kumwomba radhi, alitupokea vizuri na kutupa viti. Alituuliza swali moja tu: tulipokuwa tunagawa vile vifaa, je, tulimuuliza katibu ni nani mwingine pale nyumbani atakayekishika? Hatukuwa tumeuliza. Tulikuwa tumeuliza kama anajua kusoma, kama nyumba ina umeme na kama mlango una kufuli.

Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, na mambo machache tumeyaficha ili asitambulike. Ni yeye aliyetaka iandikwe. Hadi tunapoandika somo hili hajarudi kwenye kikundi, wala hatumlazimishi.

Watoto wale hatuwalaumu, na katibu hatumlaumu, kwa maana hakutoa siri kwa mdomo wake. Mithali 11:13 husifu mtu anayesitiri jambo. Sisi tulimpa mtu msitiri kifaa kisichositiri, tena bila kumwonya.

MAMBO TULIYOJIFUNZA

1. Kipeni kishikwambi kazi yake, na simu ibaki na kazi yake.

Nyumba ikipata kifaa cha pili, wakae pamoja baba, mama na watoto wakubwa, wakubaliane kifaa hiki ni cha nini. Kwa uzoefu wetu kazi zinazokifaa ni kusoma, kutazama, kuandika na kutunza hesabu. Kioo chake ni kikubwa, hivyo wanafunzi wawili husoma pamoja bila kugombana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kitabu kimoja cha darasa kikifunguliwa mezani kinaweza kuwafaa watoto wa nyumba tatu.

Kazi zisizokifaa ni zile zinazohusu pesa na siri. Laini ya pesa isiwekwe kwenye kishikwambi. Namba ya siri ya pesa isiandikwe humo, hata kama imefichwa katikati ya majina. Tunawafahamu matapeli wanaotuma ujumbe wa ile pesa tuma kwenye namba hii. Mtu mzima huutambua na kuufuta, lakini mtoto au mgeni aliyeshika kifaa anaweza kuujibu.

2. Funga mlango wa jumbe.

Kama umeunganisha WhatsApp ya simu yako na kishikwambi, fungua simu, nenda sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na uangalie orodha. Usichokitambua kiondoe. Mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa, katibu na mtunza hazina tunawasihi wasiunganishe kabisa akaunti zao na kifaa cha nyumba. Watu huwaletea habari za ndoa, magonjwa, madeni na misiba. Mwenye shida ya kuona maandishi madogo anaweza kukuza herufi ndani ya simu yake mwenyewe, kwenye mipangilio ya kioo. Laiti tungemwonyesha katibu wetu jambo hili la dakika mbili, yasingetokea yaliyotokea.

Aidha, zimeni matangazo ya jumbe yanayojitokeza juu ya kioo kabla hakijafunguliwa. Na pale kifaa kinaporuhusu watumiaji zaidi ya mmoja, kama vishikwambi vingi vya Android vinavyoruhusu, watoto wafunguliwe sehemu yao yenye masomo na michezo, na sehemu ya kazi ifungwe kwa neno la siri.

3. Hesabuni umeme kabla ya kufurahia kifaa.

Katika Luka 14 Bwana Yesu anasema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huanza kwa kuketi na kuhesabu gharama. Nasi tuhesabu. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli, na nyumba nyingi za pembeni zimezoea sola. Betri ya kitochi ya mAh 1,000 hubeba nguvu ya wati-saa 3.7. Betri ya kishikwambi cha mAh 5,000 hubeba wati-saa 18.5. Maana yake, kujaza kishikwambi mara moja ni sawa na kujaza vitochi vitano.

Chukulieni nyumba yenye paneli ya wati 10. Katika saa 5 za jua zuri, kwa hesabu ya karatasi, hupatikana wati-saa 50. Ukiondoa vumbi, joto na kinachopotea kwenye waya na betri, tuseme zinabaki 30. Kishikwambi, pamoja na kinachopotea wakati wa kuchaji, huchukua kama 23. Zinabaki 7. Taa ya wati 3 ikiwaka saa 4 inahitaji 12. Hivyo nyumba hiyo haiwezi kujaza kishikwambi kila siku na kuwasha taa jioni yote. Itabidi kijazwe siku moja na kupumzishwa siku inayofuata. Familia isipofanya hesabu hii, atakayekaa gizani ni mama jikoni.

Betri pia huchoshwa na joto. Msikiache kishikwambi dirishani, kwenye kiti cha pikipiki, wala juu ya kabati lililo karibu na bati, hasa miezi ya Septemba na Oktoba. Betri ikivimba, acheni kukitumia, msiitoboe wala kuitupa kwenye moto.

4. Hesabuni bando.

Kishikwambi hula bando hata kikiwa kimelala, kwa sababu programu zake hujisasisha zenyewe. Zimeni kujisasisha huko. Njia inayotusaidia ni kutokuweka laini kabisa. Mzazi huwasha intaneti ya simu yake na kuigawa kwa kishikwambi kwa muda maalumu, vitabu na masomo yanapakuliwa, kisha huzima. Mzazi akitoka na simu, kishikwambi kinabaki na vile vilivyopakuliwa tu. Bando halipotei bila kujulikana, na watoto hawaingii kusikojulikana wakati wakubwa hawapo.

5. Watoto wawekewe kiasi.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 halishauri mtoto wa chini ya miaka 2 kuketishwa mbele ya kioo, na kwa wa miaka 2 hadi 4 linashauri isizidi saa moja kwa siku, tena ikipungua ni bora zaidi. Kwa wakubwa zaidi, familia ipange yenyewe. Katika nyumba tulizotembelea, sheria inayoshika ni ile ambayo hata wazazi wanaifuata, kama vile kifaa kutolewa mezani wakati wa chakula na wakati wa sala ya jioni. Na watumie sebuleni, wala si chumbani kwa mlango uliofungwa.

Jambo moja zaidi kuhusu watoto wa kike. Tumeona kaka akikaa na kishikwambi tangu atoke shule hadi usiku, na dada akikipata baada ya kuosha vyombo, wakati chaji imekwisha. Kamati inapotembelea familia iulize kwa upole nani hukishika saa ngapi. Swali la yule mama linafaa hata hapa.

6. Daftari la usharika si mali ya nyumba.

Orodha za washarika, wagonjwa, wajane, yatima na wadeni zina taarifa za watu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazotakiwa ulinzi wa pekee. Kwa mantiki hiyo kamati haiwezi kusema sisi ni kanisa, sisi tunaaminiana. Orodha hizo zikae kwenye kifaa kinacholala ofisini kwa usharika, chenye neno la siri linalojulikana kwa watu wawili, na nakala moja itunzwe mahali pengine palipofungwa. Na kifaa ambacho mtumishi amekabidhiwa na mwajiri kwa kazi kibaki cha kazi. Familia isikizoee kama chake, kwa kuwa siku ya kukirudisha yaja.

TULIVYOREKEBISHA

Baada ya tukio lile tulivirudisha vishikwambi vyote vya vikundi kwa muda. Sasa havilali tena nyumbani kwa makatibu. Vinatunzwa ofisini kwa usharika, vinatolewa siku ya kikao na kurudishwa jioni, na mtunza ofisi huandika kwenye daftari aliyechukua na saa aliyorudisha. Mafunzo yamekuwa siku mbili, na siku ya pili katibu huja na mwenzi wake au mtu mzima mwingine wa nyumbani, kwa sababu tumeona anayejifunza peke yake hurudi kwenye nyumba isiyojua.

Utaratibu huu una usumbufu. Katibu aliyekuwa anamalizia hesabu usiku kwa nafasi yake sasa humaliza kikaoni, na vikao vimekuwa virefu. Wengine wamelalamika, nasi tunawaelewa. Lakini siri ya mtu ikishatoka hairudishwi kwa barua ya kuomba radhi.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Rafiki zetu, mnapotuletea kifaa tunashukuru kwa moyo wote. Tunaomba mtuulize maswali magumu zaidi kuliko idadi iliyogawiwa. Tuulizeni kifaa kitalala wapi, nani atalipa bando mwaka wa pili, kioo kikipasuka fundi ni nani, na mafunzo yamewahusu watu wa nyumba au mwenye cheo tu. Wenzetu wa miradi ya maji walijifunza zamani kwamba pampu bila kamati na bila fedha ya spea husimama. Kishikwambi ni vivyo hivyo, isipokuwa pampu ikiharibika kijiji kizima huona, na siri ikivuja anayeona ni yule mmoja aliyeumia. Mkiwa na bajeti ya vifaa kumi, tungependa kupokea sita, na fedha ya vinne itumike kwa mafunzo, sola na matengenezo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika usharika wetu, ni vifaa vingapi vina majina au habari za washarika? Vinalala wapi usiku?
2. Kwa kila kimoja: nani mwingine anakishika?
3. Fanyeni hesabu ya umeme kwa nyumba moja mnayoifahamu, kwa mfano wa hapo juu. Je, taa na kishikwambi vinatoshana?
4. Kama siri ya msharika imetoka kupitia mikononi mwetu, tunamwendea nani kwanza, na kwa muda gani?
5. Someni tena Luka 16:10. Katika jambo hili, lile dogo tunaloaminiwa ni lipi?

SALA YA KUFUNGA

Ee Bwana, unayejua yaliyo sirini wala huyatangazi ili kutuaibisha, tufundishe kuyatunza ya wenzetu. Utusamehe tulipowaumiza kwa haraka yetu ya kutenda mema. Uwarudishie amani waliovunjwa moyo kwa ajili yetu, na utupe busara katika nyumba zetu na katika vyote tulivyokabidhiwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.